Ukuta wa Mama Mkwe Unauma

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba msaada, majina yote humu nimeyabadilisha, niite Gasto tu, fundi wa Utemini hapa Singida mjini, maana nimebeba jambo ambalo hata mke wangu Asnath halijui, na kila wingu likijikusanya naacha kazi nalitazama. Mwezi uliopita nilikwenda Kinampanda, wilayani Iramba, kwa mama mkwe kubadilisha fremu ya mlango wa chumba chake iliyoliwa na mchwa, shemeji yangu Calist alitaka aitwe fundi mwingine lakini nikajigamba kwamba nina mashine mpya, ile ndogo ya betri ambayo kisu chake hakizunguki kama cha grinda, kinatetemeka tu na kuingia kwenye kona ambazo msumeno haufiki. Sasa mshauri, mila zetu unazijua, mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, kwa hiyo nilisimama sebuleni nikakata kwa upande huo mmoja, sikujua kwamba upande wa pili, usawa uleule, kuna soketi, nikasikia paa! cheche zikaruka, umeme ukakatika nyumba nzima. Mama alikuwa shambani. Nikazungushia solatepu pale nilipofikia, nikapiga plasta juu yake, nikawasha swichi kubwa, taa zikawaka, nikala kuku aliyenichinjia.

Juzi mama kampigia Asnath simu, nikamsikia: "Mwanangu, ukuta huu unaniuma. Nikiushika ili ninyanyuke, mkono unakufa ganzi mpaka begani. Labda ni uzee." Amenunua vidonge vya mishipa dukani. Kitanda chake ni cha chuma na kinagusa ukuta huo, na bati linavuja upande huohuo. Nikisema, Calist atanicheka maisha yangu yote na ukweni sitakanyaga tena. Nisiposema, sipati usingizi. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, Gasto. Kama bado hujapiga simu, weka gazeti chini upige sasa hivi. Mama atoke chumbani, asiguse ukuta wala kitanda, na Calist azime swichi kubwa kwa mikono mikavu. Ukimaliza, rudi usome unachostahili.

Aibu ya ukweni naijua, nami nimeolewa Iramba, na ninakuhurumia. Ila mila usiisingizie. Ilikukataza kuingia chumbani, haikukukataza kumwuliza mama kuna nini nyuma ya ukuta. Na mashine ni ya betri, nini kilikuzuia kuzima umeme kwanza? Chombo kinachopenya pasipoonekana kinataka mtu aangalie kabla ya kukata. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi ni yako, kifo umemwandalia mwingine.

Umeme ubaki umezimwa mpaka fundi umeme mwenye leseni abomoe plasta hiyo na kubadilisha waya, siyo wewe na solatepu yako. Kisha simama mbele ya mama na Calist useme ulichofanya. Calist acha acheke. Anayecheka bado hajafiwa.

Barua yako uliiandika tarehe nne. Nimeipata leo tarehe kumi na tatu, haina namba ya simu wala jina la mama, na Iramba mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Kuna mtu ninayemfahamu Kinampanda, nimemtuma, tangu asubuhi anapita nyumba kwa nyumba akiulizia mlango wenye fremu mpya. Hajanipigia.