Hii Maji Ni Yangu

S.L.P. 73,
Mitunguu, Meru.
5 Desemba 2018.

Mpendwa wifi Marcella,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe na watoto? Baridi ya huko Uingereza inayatendeaje magoti yako? Sisi tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, ndizi zimebeba mpaka tunaziwekea miti ya kuegemea, na kile kikohozi changu cha tangu mazishi kimeniacha.

Sasa kaa chini. Filamu ya Kanana wetu imeshinda tuzo! Ile ile "Zamu ya Maji", iliyopigwa hapa shambani kwa kamera ya kuazima, waigizaji wakiwa majirani na chakula chao kikiwa githeri yangu. Imezishinda filamu za Nairobi zenye magari na helikopta. Na mwigizaji bora ametajwa marehemu kaka yako, Mutegi.

Yeye ndiye mkulima anayenyimwa maji ya mfereji. Anasimama na jembe lake na kusema, "Hii maji ni yangu!" Wakati akijifunza maneno hayo, mimi niliyefika darasa la saba nilimrekebisha jikoni: "Baba Kanana, sema haya maji." Akanijibu huku akimenya ndizi, "Hayo ni ya kitabu. Hii ndiyo yangu." Nilicheka mpaka uji ukafurika. Hata leo nikikoroga uji namsikia.

Alipofariki mwezi wa tano, filamu haikuwa imetoka. Wafadhili wa Nairobi wakamwambia Kanana sauti ya baba yake ifutwe, atafutwe mtu wa Kiswahili laini. Ati lafudhi ya mlimani itachekwa. Kanana akakataa, nao wakajitoa.

Basi Ijumaa, siku ya kutoa tuzo, nilikuwa ukumbini na lile koti la buluu ulilonitumia. Kipande chake kikaonyeshwa, Mutegi akanguruma, "Hii maji ni yangu!" Watu wakacheka kweli. Nikainamisha kichwa. Kisha nikasikia viti vinasukumwa. Walikuwa wamesimama, wanaitikia, "Hii maji! Hii maji!" Jirani yetu Njagi, aliyeigiza mwizi wa maji, akaninong'oneza, "Mama Kanana, hata mimi natamani kuirudisha."

Jumatatu kituo kimoja cha televisheni kikapiga simu. Wanaitaka filamu, lakini Kiswahili cha mzee kwanza kisemwe upya na mtu mwingine. Kanana akanipa simu. "Mama, sauti ni ya mume wako. Jibu wewe."

Yule kijana wa televisheni akanieleza kwa heshima kwamba maji ni "haya".

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Nilimfundisha mimi, akakataa akiwa hai. Sasa amelala, nani atamlazimisha? Hii maji haiguswi."

Akasema watafikiri. Nikamwambia wafikiri polepole, sisi wa mfereji tumezoea kungoja zamu.

Marcella, cha kumkumbukia kaka yako nimebaki na picha chache na sauti hii moja. Hawaipati.

Msalimie shemeji Kiambi na watoto. Mama mkwe anawasalimu. Ameitazama filamu mara tatu, na kila mara anamtukana Njagi. Mungu awafunike huko ugenini na kuwarudisha salama mlangoni petu.

Ni mimi wifi yako akupendaye, maji ikiwepo au isipokuwepo,

Nelius