Nilijua Kabla ya Kura

Baba,

Shikamoo. Ile kazi yangu ya hesabu imekwisha. Wiki iliyopita walimu watatu wa chuo walinikalisha mbele yao, wakauliza, nikajibu, wakanipitisha. Mama nilipompigia simu alisema, "Baba yako angeuliza kama sasa utapumzika." Sijapumzika. Bado nafundisha hapa mjini, bado nimepanga kulekule Chemchem. Leo wanafunzi wako likizo, nikaona nikae nikuandikie lile jambo tulilolizungumza mara moja tu, mezani, kisha hatukulirudia mpaka ukaondoka.

Nianzie mbali kidogo. Nilitaka kujua madaraka ya mtu yanapunguaje. Nilitaka kulijua kwa hesabu, kama unavyoweza kukokotoa maji ya tangi linalovuja. Mwanzoni nilipanga kuandika juu ya watemi, machifu wa zamani wa njia ya misafara, waliokuwa wakitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara uliopita kwenda Ujiji, na jinsi nguvu zao zilivyowatoka. Nilikaa maktaba mwezi mzima. Hadithi zilikuwa nyingi, namba hakuna. Nilikuja nyumbani Ipole nimekata tamaa, nikakukuta barazani unashona wavu wa kofia yako ya kurinia asali. Nilipokueleza, ukasema bila kuinua kichwa, "Watemi wamekufa. Mimi bado niko. Andika juu yangu."

Ulikuwa mwenyekiti wa chama cha wafuga nyuki tangu mimi sijaanza shule. Ukaingia ndani, ukatoka na madaftari ya mihtasari ya mikutano yote, mengine yameliwa na mchwa pembeni, ukanipa yote. Hukuniuliza nitayafanyia nini.

Nikaanza kuhesabu. Kila mkutano wamefika wangapi, waliouliza maswali ni wangapi, hoja zako ngapi zimepingwa. Miaka ya mwanzo makatibu waliandika kurasa na kurasa. Kuna mkutano walikubishia mpaka mvua ikawafukuza, mkaendelea kesho yake. Baadaye kurasa zinafupika. "Wajumbe wote waliafiki." Mkutano unaofuata, hivyohivyo. Uliupenda sana mstari huo. Uliniambia, "Unaona chama kilivyokomaa?"

Na mimi niliona hivyo. Hesabu ndiyo iliyonikatalia. Kila mjumbe ana mambo mawili, anachofikiri na anachosema, na nilipoyatenganisha na kuyapa kila moja mlinganyo wake, picha ikabadilika. Mtu mwenye shaka hasemi mpaka asikie wengine wa kutosha wakisema. Kwa hiyo shaka inaweza kuongezeka miaka mingi, na mstari wa madaraka yako kwenye mchoro ukabaki umenyooka tu, kama hakuna kitu. Halafu siku moja mtu mmoja anasema. Wawili wanamsikia, wanne wanagundua kuwa hawakuwa peke yao, na mstari ule hauteremki polepole, unadondoka. Watu husema mwenyekiti ameangushwa na yule aliyesimama kuongea. Kwenye hesabu zangu alikuwa ameshaanguka siku nyingi, ila hakuna aliyemwambia.

Wakati nafanya hayo ndipo likaja suala la mizinga. Uliamua mizinga ya chama ihamishwe kutoka msituni, ipelekwe karibu na barabara ili gari liweze kuifikia. Pale jirani palikuwa na mashamba ya tumbaku. Kwenye daftari hakuna swali hata moja siku ile. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuwahoji wajumbe mmoja mmoja nyumbani kwao, na wengi waliniambia waziwazi kuwa dawa za tumbaku zitawaua nyuki. Nilipowauliza kwa nini hawakusema mkutanoni, kila mmoja alijibu kwa namna yake kitu kilekile: "Wenzangu wote walikubali, mimi ni nani?"

Hayo sikukuambia. Nilikuwa nimewaahidi kuwa maneno yao hayatatoka. Huo ulikuwa udhuru wa kweli, na ukimya huo wa kwanza siujutii sana kama huu wa pili ninaokuja kuusema.

Nyuki walikufa. Tulikwenda wote kuangalia, unakumbuka, tukawakuta wametapakaa chini ya mizinga, ukachuchumaa ukawachota kwenye kiganja. Mkutano uliofuata, Mama Sesilia, yule mjane mwenye mizinga mingi kuliko wanaume wengi wa pale, akasimama. Hakupandisha sauti. "Mwenyekiti, mimi nilijua, na sikusema. Naomba nijue nani mwingine alijua." Kwanza ulinyooka mkono mmoja, nyuma kabisa. Kisha ikanyooka mingi kiasi kwamba katibu aliacha kuandika. Wewe uliitazama ile mikono, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma majina.

Uchaguzi ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Niliporudi mjini niliingiza namba za mkutano ule kwenye kompyuta, nikarudia kwa kila njia niliyoifahamu. Jibu likawa moja. Ungeondolewa, na si kwa kura chache. Nikampelekea msimamizi wangu wa chuo. Alifurahi. Akasema, "Usimwambie mhusika. Akijua atabadilika, na hutajua kama hesabu yako ilikuwa sahihi."

Baba, ningeweza kukataa. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini nilitaka kujua kama nimepatia.

Jumapili moja kabla ya uchaguzi nilikuja nyumbani. Baada ya ibada ulinipa karatasi nikusomee. Ilikuwa hotuba yako ya kuwashukuru wajumbe kwa kukuchagua tena. Niliisoma yote mbele yako. Nikakusahihishia herufi mbili, nikakurudishia.

Siku ya kura nilikaa nyuma na daftari langu. Jina la Mama Sesilia, aliyegombea nawe, liliwekewa vijiti vya kura ubaoni mpaka nafasi ikaisha, wakaendelea chini ya jina lako. Nakuandikia ukweli: kabla sijakuonea huruma, nilifurahi. Namba zilikuwa zimekaa karibu sana na nilizozitabiri. Kisha nikakuona ukiikunja ile karatasi, ukaitia mfuko wa ndani wa koti, ukasimama kumpa mkono aliyekushinda. Furaha ile ikanitoka hapohapo, na haijarudi, hata wiki iliyopita waliponipitisha.

Nyumbani Mama aliandaa ugali. Ulipomaliza kunawa mikono ukaniuliza, "Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya ile Jumapili."

Ukamega tonge, ukalitafuna taratibu, ukameza. "Basi hesabu zako ni nzuri," ukasema. Kisha ukamwomba Mama akuongezee mlenda.

Ningependa ungenigombeza. Nilingoja miezi yote ile unigombeze. Ulikuwa unanipokea vizuri, unaniuliza habari za wanafunzi, unanifungia asali ya kurudi nayo. Kitu pekee ulichoacha ni kunipa karatasi zako nisome.

Kuna jambo moja hesabu zangu zililikosea, nalo walimu wa chuo waliliona mara moja. Mstari wangu ulikuwa unashuka mpaka chini kabisa, wako haukufika huko. Kwenye mkutano wa kwanza baada ya uchaguzi ulikuja mapema, ukasimama mlangoni na kofia mkononi kwa kuwa hukuwahi kukaa kwenye mabenchi ya wajumbe na hukujua ukae wapi. Mama Sesilia akakuita mwenyewe: "Mzee, kaa hapa mbele, nitakuuliza habari za miti." Akakuuliza kweli. Mizinga ilirudishwa msituni, wewe ukichagua mti mmoja mmoja, na vijana waliokunyima kura ndio waliopanda kuitundika. Nilitafuta namna ya kuliingiza hilo kwenye mlinganyo. Nimeliingiza, lakini kwa shida, na sina hakika kama nimelielewa.

Kiharusi kilikupata mwaka huohuo. Mama anasema presha ulikuwa nayo siku nyingi na uchaguzi hauhusiki. Daktari naye alisema hivyo. Nimewasikia wote wawili. Kwenye mazishi yako nilijikuta naanza kuhesabu waliokuja, nikaacha. Nikaenda kukaa na wanawake, nikalia kama watu wengine.

Baada ya arobaini nilifanya hesabu moja ambayo haimo kwenye kazi niliyowasilisha. Nilijiuliza ingekuwaje kama mwenyekiti angeambiwa mapema, akaitisha mkutano yeye mwenyewe, akasema, "Naomba mnipinge." Mstari ulishuka vilevile, Baba. Lakini ulishuka taratibu. Pengine usingekuwa mwenyekiti tena, ila ungeshuka kwa miguu yako, na ile hotuba usingeiandika.

Wiki iliyopita mmoja wa walimu wale aliniuliza, "Mhusika alijulishwa matokeo ya utabiri kabla ya uchaguzi?" Nikajibu, "Hapana. Naye alikuwa baba yangu." Wakatazamana. Wakaniagiza niongeze ukurasa wa kueleza hilo. Nimeuandika. Ni ukurasa mfupi kuliko yote na ulinichukua siku nne.

Habari ya mwisho ni hii. Katibu wa chama bado ananitumia mihtasari. Chini ya Mama Sesilia mambo yameendelea vizuri, asali imepata soko, watu wanampenda. Lakini mkutano uliopita ulichukua nusu saa, na hakuna aliyeuliza kitu. Na ule wa kabla yake vilevile. Nimempigia simu Mama Sesilia, nikamwambia nina neno juu yake, si zuri sana. Akasema, "Njoo uniambie usoni."

Jumamosi napanda basi la asubuhi. Nitakaa naye nyumbani kwake, nimwonyeshe mstari wake kwenye karatasi na nimweleze nilichokiona, hata akinikasirikia, hata kama kazi yangu itakayofuata itaharibika. Nakuahidi hilo. Na kila nitakayempima baada yake, atakuwa wa kwanza kujua.

Nikitoka kwake nitakuja kwako kupalilia, Mama anasema majani yameota tena.

Nisamehe, Baba. Pumzika.

Mwanao,
Agnesi