Sikuhesabu Salamu za Bibi

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, natumaini nawe hujambo. Leo nakueleza yote, hata lile la aibu.

Bibi amechoka kununuliwa vitu. "Tangu miguu ikatae, nala machungwa yaliyochaguliwa na wengine. Nataka nikayabonyeze mwenyewe!" Natoka shule saa kumi, duka hufungwa saa kumi na moja. Njia ya mkato ina ngazi, kwa hiyo kiti chake cha magurudumu lazima kizungukie kwa seremala. Nilipima kwa saa: dakika thelathini na tano. Tukaondoka saa kumi na robo. Tukakuta kufuli.

Nilipima kwa kiti kitupu, Mama. Sikuhesabu salamu. Kila mtu njiani aliulizwa mpaka habari za kuku. Wakati wa kurudi, Bibi alijifunika khanga usoni. Nifanyeje?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila zamu za kiwandani zinanichosha. Nimecheka mpaka msimamizi akanikodolea macho. Bibi yako alichelewa harusi yake mwenyewe kwa salamu hizo hizo! Usimkataze. Mwombe aziweke kiporo: kwenda apunge mkono tu, kurudi aulize hata habari za mbuzi.

Mama yako

14 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Jana tumeweza! Bibi alipunga mikono yote miwili kama mgombea uchaguzi.

"Mama, leo umetununia?" seremala akampazia Bibi sauti.

"Nakuja! Usiondoke hapo!"

Tulifika zimebaki dakika nane. Mlangoni pa duka pana vidato viwili vya kupanda, basi muuza duka akamletea Bibi machungwa manne.

"Yamechaguliwa na nani haya?"

Akarudi na kreti nzima, akamwekea mapajani. Bibi akabonyeza, akanusa, akakataa kumi na moja. Saa ya kufunga ikapita. Muuza duka akavuta kigoda. "Endelea tu, Mama, nami najifunza."

Kurudi kulichukua saa mbili. Seremala alisikiliza yote, akaapa kuweka mteremko wa mbao pale mlangoni pa duka kabla ya Jumamosi ijayo. Siku hiyo Bibi ataingia ndani kwa magurudumu yake, na chungwa lililo zuri kuliko yote amekuwekea wewe. Nimeulizia basi: la saa nne litakufikisha kabla duka halijafungwa, hata nikihesabu salamu zako. Je, Mama, utapewa ruhusa?

Mwanao