Mweupe Anamlisha Mzee

Mke wangu na wanangu,

Nimewahi karakana. Panya wenu kizimbani wameshakula. Matandiko yao nimeyatupa yote na trei nimeisugua kwa sabuni, ila bado ina unyevu. Ikauke kabisa ndipo muweke karatasi mpya.

~~Mkitoka shule tafuteni mtu wa kuwachukua panya hawa.~~ Hapana, hilo nimelikata. Someni kwanza.

Jana nilisema wakinuka tena wanaondoka, mkaninunia nyumba nzima, hata salamu mkaninyima. Basi asubuhi nikaamua kusafisha kizimba mwenyewe, nijue harufu inatoka wapi. Kwenye kona anayolala yule panya mzee asiyeona, nikakuta rundo la karoti zilizooza. Nikajiuliza, kipofu huyu kazifikishaje huku?

Nikawapa vipande vipya, nikachutama kuangalia. Mweupe hakula chake! Alikiburuta mpaka kwa mzee, akakiweka chini ya pua yake, akangoja mpaka mwenzake alipoanza kutafuna, kisha akarudi kuchukua kingine. Mzee hamalizi anacholetewa, ndiyo maana kinaoza. Chai yangu imepoa nikichungulia panya, na wewe mama watoto usinicheke.

Masalia ya kwenye kona yaondoeni kila siku.

Lakini Mweupe amejuaje kuwa mwenzake haoni? Na nani alimtuma? Wachunguzeni leo. Hawaendi popote. Atakayepata jibu aniamshe, hata kama nakoroma.

Baba