Mtunzi wa Wimbo wa Baba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ila moyo wangu haujatulia. Kwenye simu ningeishia kukuambia mambo ni mazuri, ndiyo maana nimeandika.

Baba anapata nafuu. Baada ya kile kiharusi, mkono wa kulia ulilala kama si wake. Mama alimbembeleza afanye mazoezi ya kubana mpira, akajibu kwamba yeye si mtoto wa chekechea. Tarumbeta yake akaamuru iwekwe juu ya kabati, asiione.

Kazini kwetu studio, bosi ameleta programu ya kompyuta inayotunga muziki. Hainakili nyimbo za watu. Unaieleza unachotaka, nayo inakutungia kitu kipya kabisa kabla chai yako haijapoa. Mpiga gitaa wetu ameshaanza kuulizia kazi kwingine, nami sijui zamu yangu itafika lini. Siku moja nikaiambia: tarumbeta peke yake, taratibu, mzee anamkumbuka mtu aliye mbali. Wimbo ukanikaa moyoni. Nikaja nao nyumbani kwenye simu, nikawa nausikiliza jikoni huku naosha vyombo.

Baba akaniita kutoka sebuleni, akataka niurudie. Tukaurudia mpaka chaji ikaisha. Kesho yake akamwambia Mama aishushe tarumbeta.

Dada, anaupiga. Midomo bado mizito, sauti inakwaruza, na jirani ameshalalamika, lakini vidole vinashuka kwenye vitufe kimoja kimoja. Mama huenda kulilia bafuni, Baba asimwone.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Siku ile ya kwanza, kabla sijafungua mdomo, Baba alisema anamjua aliyetunga. "Hapo anapopanda halafu anasita," alisema, "huyo ni binti yangu. Ameupitishia kwako kwa sababu bado ananiogopa." Nilitaka kumwambia ni mashine. Nikautazama ule mkono, ukigongagonga taratibu kwenye paja lake, nikanyamaza. Na kila siku ninanyamaza upya.

Unajua tangu mlipogombana hakuwahi hata kukutaja. Jana alisema kwamba siku ile alipokuambia huna kipaji, ukaacha kutunga, kilichomsemesha ni wivu. Anataka uyasikie hayo kutoka kwake. Jumapili atakupigia, na atakushukuru kwa wimbo.

Sikuombi udanganye. Nikimwambia mimi, naogopa ataacha yote. Nisipomwambia, ipo siku atamsikia mtu wa studio akitaja ile programu, na hapo sijui nitamtazamaje. Nakuomba jambo moja tu: simu ikiita, pokea, na umwache amalize la kwake kabla hujasema la kwako. Hilo la wivu halikutungwa na mashine.

Mama anakusalimu sana. Yeye hajui lolote. Nisalimie shemeji, na watoto waambie mjomba wao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba