Ukurasa Niliokataa Kuufuta

Dunda,
Bagamoyo.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Yunus,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua wakati wa Ramadhani limepoa. Mkaza mjomba Sabiha naye hajambo? Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Idi ilipita salama. Gauni ulilomletea Mama alilivaa siku zote tatu, na mpaka leo hataki nilifue.

Mama ameniwekea ujumbe wa sauti uliomtumia. Nimeusikiliza mara mbili. Umesema, "Mwambie Mwanabaraka aombe radhi, yaishe." Mjomba, nakuheshimu kama mzazi wangu, lakini sitaomba. Na kwa kuwa umesikia upande wa Bwana Abdulazizi peke yake, nimeona nikuandikie. Kwenye simu ungenikatiza.

Sijasahau kwamba kazi ile ya ofisini kwa Bwana Abdulazizi uliniombea wewe, kwa sababu yeye ni mtoto wa rafiki yako. Kazi yenyewe niliipenda, usidhani nilikwenda pale kutafuta makosa ya watu.

Ofisi yao iko Mapinga, nyumba ya kupanga kando ya barabara. Wanatengeneza kifaa cha kutafuta kumbukumbu kwa ajili ya mawakala wa akili mnemba. Wakala ni programu unayoiuliza jambo kwa maneno ya kawaida, nayo inakujibu. Ubaya wake ni kwamba ya jana haiyakumbuki. Kifaa hicho ndicho kinachoitunzia kumbukumbu: kila mtu, kila dawa, kila ugonjwa ni fundo, na mafundo yote yameunganishwa kama wavu. Ukiuliza, kinashika fundo moja na kufuata nyuzi mpaka kwenye jibu. Mimi niliajiriwa kuandika mwongozo wake kwa Kiswahili, ili mtu yeyote aweze kukitumia.

Walioanza kukijaribu ni zahanati moja ndogo hapa mjini. Mwezi wa nne nikaenda kukaa na muuguzi wao, Asteria, mama mtu mzima, nipate mifano ya kuweka kwenye mwongozo. Nikiwa pale akaingia Mardhiya Khamis wa hapa Dunda, mguu umemvimba kwa kidonda. Asteria akamuuliza wakala kama kuna dawa inayomdhuru mgonjwa huyu. Jibu likaja: hakuna, apewe penisilini kama mara iliyopita.

Asteria alivuta daftari lake kuukuu, akafunua, akaniwekea kidole kwenye mstari. Mardhiya huyu penisilini ilishamvimbisha uso na kumbana pumzi. Aliyepewa mara iliyopita ni Mardhiya Khamis mwingine kabisa, wa Mbegani. Kifaa kilikuwa kimewafunga wanawake wawili kwenye fundo moja.

"Ningekuwa mgeni hapa," Asteria akaniambia, "ningeshamchoma sindano."

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwaza majina ya watu. Unajua mwenyewe huku kwetu majina yanavyojirudia. Sisi tu tuna akina Khamis wangapi?

Nikaandika ukurasa mmoja, nikauweka mwanzoni kabisa mwa mwongozo. Ukurasa huo ulisema kifaa kinaweza kuchanganya watu wenye jina moja, kwamba jibu lolote la dawa lazima lilinganishwe na daftari, na nikaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuangalia jibu limetoka kwenye fundo la nani. Hakukuwa na neno hata moja la kukashifu.

Bwana Abdulazizi akaniita. "Mwongozo ni wa kumfundisha mtu kutumia kitu," alisema, "si wa kumtia hofu. Ufute."

Nikamwambia, "Nimfundishe kushika kisu halafu nimfiche upande wenye makali?"

"Wewe umeajiriwa kuandika, hukuajiriwa kupima."

Nilikwenda tena kesho yake, nikamweleza upya kwa upole, na habari ya sindano nikamsimulia tena. Hakunisikiliza. Ule ukurasa aliufuta mwenyewe, kisha akaupeleka mwongozo zahanati ukiwa na jina langu juu. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia, Mjomba. Angeutoa ukurasa akatoa na jina langu, labda ningelia nyumbani yakaisha. Lakini kesho mtu akidhurika, ataambiwa Mwanabaraka ndiye aliyeandika kwamba kifaa ni salama.

Nilichapisha ukurasa wangu kwenye steshenari ya hapa Dunda, nikapanda bodaboda, nikampa Asteria mkononi. Akaubandika ukutani juu ya kompyuta. Hilo ndilo kosa langu lote, na ndilo Bwana Abdulazizi aliloliita kuivua nguo kampuni. Akanipa mpaka Ijumaa niwe nimeandika barua ya kuomba radhi.

Jambo ambalo hakukwambia ni hili. Fundi wao wa programu, Wilbrodi, mtu mkimya asiyegombana na yeyote, alikaa siku mbili akikipima kifaa. Aliwakuta wagonjwa kumi na wanne waliofungwa wawili wawili. Akaja ofisini mimi nikiwepo, akamwambia bosi wake, "Alichoandika ni kweli. Tena amekiandika kwa adabu." Sasa anakirekebisha, kiwe kinaangalia na mwaka wa kuzaliwa na mtaa kabla ya kuwaunganisha watu.

Jana Ijumaa nilikwenda bila barua yoyote. Bwana Abdulazizi alinisukumia mwongozo mpya mezani. Nikafungua. Ukurasa wangu umerudi mwanzoni, neno kwa neno. Jina langu limetolewa. Akasema nikabidhi kompyuta. Nikakabidhi, nikamuaga Wilbrodi, nikatoka.

Mama alilia kidogo, mimi sikulia. Jumatatu sina pa kwenda, na sijui mwezi ujao utakuwaje, ila Mardhiya nilimwona leo asubuhi akinunua samaki, mguu umepona. Hajui lolote, wala sikumwambia.

Ombi langu ni moja. Usimpigie Bwana Abdulazizi kunitafutia msamaha. Kama ni lazima umpigie, mwulize kwa nini ameurudisha ukurasa ikiwa aliyeuandika ndiye mkosaji.

Mama anakusalimu sana. Wadogo zangu Hija na Mikdad wanakuamkia, na jirani yetu Bi Tekla anauliza utarudi lini. Nisalimie mkaza mjomba Sabiha na watoto. Mungu awape afya, awafungulie kila mlango wa heri, na atukutanishe tukiwa na nyuso za furaha.

Mpwa wako akupendaye, hata pale anapokukatalia,

Mwanabaraka