Siku Niliyonyamazishwa Gumbo

Gumbo, Juba

Mke wangu Mama Nekesa,

Hamjambo huko Kitale? Kikohozi cha Nekesa kimepoa? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, usianze kelele.

Barua yako nimeipata. Unasema nirudi kabla vita havijanifikia mlangoni, na najua kila mara nimekujibu kwa kiburi: nikiondoka, nani atashika maiki ukumbini awatafsirie watu filamu? Sasa sikia yaliyonikuta Jumamosi.

Tangu mapigano yaanze, hakuna anayetaka filamu za bunduki. Mlio mmoja kwenye spika, watu wanaruka viti. Basi nikapata sidii ya vichekesho vya kale vya Wamarekani, ambamo hakuna anayesikika akisema neno. Nikajiambia, hapa ndipo pangu, nitawapa sauti wote!

Kumbe sidii ilianza kwa kuonyesha jinsi filamu yenyewe ilivyotengenezwa. Mimi sikujua. Nikaona mzungu mnene anafoka, na mwenzake amesimama nyuma ya chuma chenye miguu mitatu, anazungusha mpini, kimemwelekea kijana mwembamba aliye juu ya paa. Nikashika maiki: "Jamani, mkuu wa majambazi huyo! Ameleta rashasha!"

Weh! Ukumbi mzima ulilala chini. Wawili walitoka mbio wakaacha viatu.

Aliyebaki ameketi ni Mama Keji, muuza chai wa hapa mlangoni, ambaye hajatabasamu tangu amzike mwanawe. "Askut, ya dijei!" akanifokea. "Nyamaza! Hiyo ni kamera, si bunduki."

Nikaweka maiki chini kwa aibu. Kijana akaruka, akakosa mkokoteni wa nyasi, akatumbukia kwenye pipa la chokaa. Akatoka mweupe pe! Wakamrudisha juu aruke tena. Mara ya nne Mama Keji akaanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta machozi, na waliolala chini wakainuka wakicheka naye. Sikutia neno hata moja. Mke wangu, nilifurahi na kuumia kwa pamoja.

Wanaweza kucheka bila mimi. Jenereta na spika nimemwachia Mama Keji, na Jumatano napanda lori la kwenda mpakani Nimule, narudi nyumbani.

Msalimie mama mkwe wangu, na kaka yangu fundi baiskeli umwambie aache kulalia kochi langu.

Na wewe, usihangaike kunipikia. Miaka yote hii nimewasemea watu nisiowajua, na wewe sijakusikiliza. Nikifika, sema wewe.

Mumeo akupendaye,
Baba Nekesa